Kemia ya Kioo cha Kale Inaujua Mchanga, Haimjui Fundi

Siku hizi haupiti muda mrefu bila habari ya kipande cha kioo cha kale kilichofichua siri yake. Ushanga uliochimbwa kaburini umepimwa kwa leza, au dirisha la kanisa la karne ya 12 limeelekezewa kifaa cha eksirei kinachoshikwa mkononi, na kesho yake kichwa cha habari kinatangaza kuwa sayansi imebaini mahali kitu hicho kilipotengenezwa. Vipimo vyenyewe ni vya kweli, tena vinastaajabisha. Tatizo liko katika sentensi inayofuata vipimo. Kemia ya kioo inaweza kueleza, kwa uhakika unaoongezeka mwaka hadi mwaka, mchanga ulichotwa katika ardhi ya aina gani na ulichanganywa na nini ili uyeyuke. Haielezi nani aliyekipa kioo umbo, wala kilipitia mikononi mwa nani kabla ya kufukiwa. Maswali hayo yakichanganywa, anayefutika ni fundi, na mara nyingi fundi huyo ni wa mahali ambapo dunia ilishazoea kuambiwa kwamba hapakuwa na mafundi.

Ili hoja hii ieleweke, ni lazima kujua kioo kinavyozaliwa. Mchanga mweupe, ambao kwa sehemu kubwa ni silika, ukiwa peke yake huyeyuka karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la kuni halilifikii. Mafundi wa kale waliongeza kiyeyushi kilichoshusha joto hilo hadi nyuzi 1,000 au zaidi kidogo. Wa Misri na nchi jirani, kwa karne nyingi hadi kama karne ya 9 ya zama zetu, walitumia magadi, yaani soda ya asili, ya Wadi Natrun. Wa Mesopotamia na Uajemi walitegemea majivu ya mimea ya ardhi yenye chumvi. Wa Ulaya ya Kati, baada ya magadi kuadimika, walichoma miti ya misituni mwao. Wachina wa kale walitumia madini ya risasi. Chokaa nayo ilihitajika, iwe ya makombe ya pwani yaliyochanganyika na mchanga au ya majivu, maana kioo cha soda kisicho na chokaa hudhoofishwa na maji. Kila kiyeyushi huacha alama. Magadi ni safi, kwa hiyo kioo chake huwa na magnesia na potashi (oksidi za magnesiamu na potasiamu) chini ya kama asilimia 1.5 kila kimoja. Kioo cha majivu huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Na mchanga wenyewe hubeba chuma, titaniamu, zirkoniamu na alumina (oksidi ya alumini) kwa viwango vinavyotegemea miamba uliyotokana nayo.

Wazo la kusoma alama hizo si jipya. Mwishoni mwa karne ya 18 mkemia Mjerumani Martin Heinrich Klaproth, yule yule aliyegundua urani mwaka 1789, alichambua vipande vya kioo cha Kirumi kutoka Capri. Mwaka 1961 watafiti Edward Sayre na Ray Smith walichapisha makala fupi iliyogawanya kioo cha kale katika makundi machache makubwa kwa kuangalia elementi chache tu, na mgawanyo huo bado ni uti wa mgongo wa fani hii. Robert Brill, katika Makumbusho ya Kioo ya Corning nchini Marekani, alikusanya maelfu ya vipimo na kusimamia utengenezaji wa vioo rejea vinavyoitwa Corning A, B, C na D, ambavyo maabara za dunia nzima hadi leo huvitumia kuhakikisha mizani zao zinasema kweli. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni wepesi wa kazi. Zamani kipande kilipelekwa kwenye kinu cha nyuklia au kikatwe na kung'arishwa. Sasa leza huchimba kishimo kisichoonekana kwa macho, mvuke wake ukapimwa, na elementi zaidi ya 50 zikasomwa, nyingine zikiwa sehemu moja tu katika milioni. Wepesi huo ndio ulioleta wingi wa habari, na wingi wa habari ndio ulioleta haraka ya kuzitafsiri.

Kosa linaanzia hapa: kuzaliwa kwa kioo na kuumbwa kwa chombo ni kazi mbili tofauti, na kwa sehemu kubwa ya historia zilifanywa na watu tofauti, mahali tofauti. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Bet She'arim, kaskazini mwa Israeli. Ndani ya pango lililowahi kuwa birika la maji limelala bamba la kioo lenye uzito wa karibu tani 9, lililoyeyushwa kwa mkupuo mmoja. Uchambuzi ulionyesha kwa nini liliachwa pale pale: chokaa yake ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida, kwa hiyo kioo kikaganda kwa fuwele na kupoteza uangavu. Huko Bet Eli'ezer, karibu na Hadera, wanaakiolojia walikuta mabaki ya matanuri 17 ya aina hiyo. Bamba lililofanikiwa lilivunjwavunjwa, mapande yakapakiwa na kuuzwa kwa karakana za mbali, na huko ndiko mafundi walikoyeyusha upya, wakapuliza, wakavuta, wakamimina. Kikombe kilichopulizwa Ulaya kwa mapande hayo kitaonyesha kemia ya pwani ya Levanti, yaani mashariki mwa Mediterania. Ndicho kinachotarajiwa. Kusema kikombe hicho kilitengenezwa Levanti ni kosa, hata kama namba zote ni sahihi.

Sisemi haya kwa kuidharau kemia. Imefanya kazi ambayo hakuna jicho la mtaalamu wala andiko la kale lingeifanya. Merikebu iliyozama Uluburun, kwenye pwani ya kusini mwa Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo, ilikuwa na vibonge vya kioo vipatavyo 175, vingi vikiwa vya buluu. Kobalti iliyotia buluu hiyo iliandamana na zinki, nikeli na alumina kwa namna inayolingana na chumvi za madini za nyika za magharibi mwa Misri, na kemia ya vibonge ikaendana na kioo cha Misri. Katika miaka ya 1930, bariamu iliyokutwa kwa wingi ndani ya shanga za China ya kale pamoja na risasi ilivunja dhana kwamba Wachina walikuwa wanunuzi tu wa kioo cha magharibi, kwa sababu mchanganyiko huo haukuwa na mfano mahali pengine. Na mwaka 2020 watafiti walipima isotopu, yaani atomi zinazotofautiana uzito, za elementi ya hafniamu katika vioo vya Jerash, Yordani, wakapata njia ya kukitenga kioo cha Misri na cha Levanti. Jambo hilo lilikuwa gumu kwa sababu mchanga wa pwani ya Levanti wenyewe umetoka Nili, ukisukumwa na mikondo ya bahari. Hafniamu hukaa ndani ya chembe nzito za zirkoni, na hizo hazisafiri sawasawa na mchanga mwepesi.

Matokeo hayo ya Jerash yaliungana vizuri na amri ya bei ya mfalme Diokletiano ya mwaka 301, iliyoweka kioo cha Aleksandria kwa dinari 24 kwa ratli na kile cha kijani kijani cha Yudea kwa dinari 13. Wengi waliishia hapo, wakafurahi kwamba maabara na maandishi vimekubaliana. Lakini amri ile inasema jambo jingine lenye uzito uleule: inataja kioo chenyewe peke yake, na vikombe peke yake. Wanunuzi wa karne ya 4 walijua kwamba Aleksandria ni sifa ya malighafi, na kwamba kazi ya fundi ina bei yake. Tofauti waliyoiona sokoni miaka 1,700 iliyopita ndiyo tunayoipoteza kwenye vichwa vya habari.

Hasara yake inaonekana vizuri zaidi kusini mwa Afrika. Bonde la Limpopo, mahali panapoitwa K2, jirani na mji wa kale wa Mapungubwe, kaskazini mwa Afrika Kusini, palikaliwa tangu karibu mwaka 1000 hadi mwanzoni mwa karne ya 13. Shanga ndogo za kioo ziliingia pale kutoka Bahari ya Hindi kwa wingi, na kemia yake ni ya kioo cha soda chenye alumina nyingi, aina inayohusishwa na Asia ya Kusini. Sasa mwenyeji wa K2 alifanya nini na shanga hizo? Alizichagua za rangi ya buluu na kijani, akazijaza katika kalibu ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe, akaiweka motoni mpaka punje ndogo zikashikana kuwa donge moja, kisha akaivunja kalibu ili autoe ushanga mmoja mkubwa, mnene, wenye umbo la pipa, ambao hakuna aliyeuleta kwa jahazi. Vipande vya kalibu hizo vimepatikana palepale. Upige leza ushanga huo na utaambiwa Asia. Namba zitakuwa kweli tupu, ilhali kitu chenyewe ni kazi ya mikono ya Limpopo: umbo lake, ukubwa wake, uamuzi wa kuteketeza mali ya thamani ili kupata mali nyingine iliyopendwa zaidi. Mtu asiyejua habari za kalibu, akiwa na orodha ya elementi peke yake, angeuweka ushanga huo katika safu ya bidhaa zilizoagizwa na kuongeza mstari mmoja kwenye hadithi ya bara lililopokea tu.

Ile-Ife, kusini-magharibi mwa Nijeria, inatoa somo la upande wa pili, nami naliona zito zaidi kwa sababu kemia yenyewe ndiyo iliyorekebisha dhuluma. Tangu mtafiti Mjerumani Leo Frobenius alipofika huko mwaka 1910, vyungu vyenye tabaka la kioo ndani vilijulikana. Frobenius, alipoiona sanaa ya Ife, alikwenda kutafuta chimbuko lake katika Atlantisi, nchi ya hadithi inayosemekana kuzama baharini. Waliokuja baadaye walikuwa na busara zaidi, lakini maelezo ya kawaida yalibaki kwamba kioo kilitoka ng'ambo na Waife walikiyeyusha upya. Uchambuzi uliochapishwa tangu mwaka 2006 ulionyesha kioo chenye chokaa na alumina, kila kimoja kikipita asilimia 10 mara nyingi, mchanganyiko usiofanana na kioo cha Kiislamu, cha India wala cha Ulaya. Kisha mwanaakiolojia Abidemi Babatunde Babalola akachimba Igbo Olokun, ndani ya Ile-Ife, na kupata shanga zaidi ya 12,000, vipande vya vyungu na taka za uzalishaji, na vingi kati ya vilivyopimwa vikawa na kemia hiyo hiyo. Waife walikuwa wakitengeneza kioo chenyewe, kati ya karne ya 11 na ya 15. Lakini tuangalie kilichofanya hitimisho hilo lisimame: kemia iliyosaidiwa na vyungu, na vyungu vilivyosaidiwa na taka. Orodha ya elementi bila uchimbaji ingebaki fumbo, kundi lisilo na kwao.

Wapo wanaokwenda mbali kuliko mimi. Wanasema kioo kiliyeyushwa upya mara nyingi mno kiasi kwamba kutafuta chimbuko lake kwa kemia ni kazi bure. Hoja yao ina msingi. Merikebu iliyozama Serçe Limanı, Uturuki, karibu mwaka 1025, ilibeba tani 3 za kioo, na tani moja hivi ilikuwa vyombo vilivyovunjika vikipelekwa kuyeyushwa. Mchanganyiko wa vioo vya asili tano hutoa wastani usiofanana na chochote kati ya hivyo vitano. Hata hivyo, kuyeyusha upya nako huacha alama. Warumi walitoa rangi kwenye kioo kwa antimoni au kwa manganizi. Kipande chenye vyote viwili kinatuambia kwamba vioo viwili vilikutana chunguni. Shaba, bati na risasi zikifika sehemu mamia katika milioni, bila kuwa nyingi za kutosha kutia rangi, ni dalili kwamba vipande vya rangi vilipenya kwenye lundo la chakavu. Potasiamu huongezeka kwa majivu na moshi wa tanuri. Basi kuchakata upya kunaziba njia ya kuelekea mchangani lakini kunafungua njia ya kuelekea karakana, na huko ndiko ninakotaka macho yaelekee.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kwamba kifaa cha eksirei cha mkononi kinatosha, hakikwaruzi kitu, kwa hiyo tuache kuchukua sampuli kabisa. Inavutia, hasa kwa walinzi wa makumbusho, ambao wajibu wao wa kwanza ni kuzuia madhara. Lakini kifaa hicho hakiioni sodiamu, na sodiamu ndiyo kiyeyushi cha sehemu kubwa ya kioo cha kale. Magnesiamu, ambayo ndiyo inayotenga magadi na majivu, kifaa huiona kwa shida. Tena eksirei hizo, kwa elementi nyepesi, husoma ngozi ya juu tu, na ngozi ya kioo kilicholala ardhini karne kumi si kioo tena: maji yamefyonza soda na potashi, yakaacha gamba lenye silika nyingi linalomeremeta rangi za upinde wa mvua. Ukilipima gamba hilo umepima uozo. Mtetezi wa kifaa atanitajia kanisa kuu la Canterbury, Uingereza, na ana haki. Mwaka 2021 watafiti walibuni kishikizi maalumu, wakaelekeza kifaa kwenye madirisha ya mababu wa Kristo bila kuyatoa fremuni, na wakapata ushahidi kwamba baadhi ya sanamu zile ni za kati ya mwaka 1130 na 1160, kabla ya moto ulioteketeza sehemu ya kanisa mwaka 1174. Kazi ile ilifanikiwa kwa sababu swali lilikuwa finyu. Walikuwa wakilinganisha vioo vya mfululizo mmoja wa madirisha, wakitumia elementi nzito ambazo kifaa kinazisoma vizuri, na mwanahistoria wa sanaa Madeline Caviness alikuwa ameshasema miaka mingi nyuma, kwa kusoma mtindo wa uchoraji, kwamba sanamu hizo ni za zamani zaidi. Vivyo hivyo, Uingereza, kioo cha madirisha cha karne ya 18 hutambulikana kwa strontiamu nyingi iliyotokana na majivu ya mwani, na hiyo kifaa cha mkononi huikamata mara moja. Mafanikio hayo yanatufundisha kuchagua swali linaloendana na kifaa. Hayatoi ruhusa ya kukiuliza kila kitu.

Wengine wanaweka tumaini katika hazina kubwa za takwimu: vipimo vyote duniani vikusanywe, programu ivigawe, na kila ushanga utapata kwao. Naunga mkono ukusanyaji huo kwa moyo wote. Ila programu hupanga kwa kufuata kilichokwisha pimwa, na majina ya makundi huwa yamebeba jiografia kabla ya hesabu kuanza. Chukua kioo cha soda na alumina tulichokutana nacho K2. Wataalamu wamekigawa katika makundi madogo, moja likiwa na bariamu nyingi na urani kidogo, jingine kinyume chake, na hilo la pili linahusishwa na magharibi mwa India. Huo ni uchambuzi makini, uliojengwa kwa vitu vilivyochimbwa. Lakini msomaji wa mbali hupokea jina tu, na ushanga uliookotwa ndani kabisa mwa Afrika hupewa uraia kwa jina hilo. Karakana ambayo hakuna aliyeichimba haimo kwenye takwimu, na kisichomo hakiwezi kutokea kama jibu. Kabla ya 2006 hakuna programu ambayo ingeandika Ile-Ife.

Kinachofuata kutokana na haya kinagusa fedha na utaratibu. Maelezo ya makumbusho na ripoti za uchimbaji zitenganishe mambo matatu: kioo ghafi kilitoka ardhi gani, chombo kiliumbwa wapi, na kilitumika wapi, kila moja likiwa na ushahidi wake, pale palipo na ushahidi wa moja tu, mengine yaandikwe kuwa hayajulikani. Kila maabara inayochapisha vipimo ichapishe pia ilivyovisoma vioo rejea vya Corning, maana bila hivyo mtu hawezi kulinganisha namba za maabara mbili. Ruhusa za sampuli zipimwe kwa busara: bakuli zima lisiguswe, lakini katika rundo la maelfu ya shanga, kishimo cha leza kisichoonekana ni gharama ndogo sana kwa kinachopatikana. Na wachimbaji wabadili wanachokithamini. Chombo kizuri hupewa namba, picha na kabati. Donge la taka, kigae cha chungu chenye utando wa kijani, kipande cha kalibu iliyoungua, hivyo vimetupwa kwenye lundo la udongo mara nyingi, ilhali ndivyo vinavyomtaja fundi. Nimesimama mbele ya makabati yenye shanga zilizopangwa kwa rangi, na sikuona hata kipande kimoja cha taka ya karakana.

Hata K2 bado ina kazi ya kufanywa kwa njia hii. Ushanga mmoja mkubwa ni mkusanyiko wa shanga ndogo nyingi zilizoshikana, na leza inaweza kupita juu yake hatua kwa hatua kutoka ukingoni hadi katikati. Ukingoni tutarajie udongo wa kalibu ulioingia kwenye kioo, chuma na alumina zikipanda. Katikati tunaweza kuuliza kama punje zote zilitoka shehena moja au fundi alichanganya za miaka tofauti, kama alizitenga kwa rangi kwa ukali au kwa kukadiria, na kama moto wake ulifika joto la kuzichanganya kabisa au aliuzuia makusudi zikiwa zimeshikana tu. Vifaa vya kuyapima hayo vipo, na shanga zipo makumbushoni.